Katriji za karatasi za Enfield ya 1853: kukata, kuviringa, kupaka nta na kushindilia

Ukiifungua taratibu katriji ya karatasi ya bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, utakuta risasi imekaa kinyume na ulivyotarajia. Ncha yake inatazama baruti, kitako chake kinatazama nje. Hilo si kosa la fundi. Katika katriji hii karatasi si mfuko wa kubebea baruti tu. Kipande chake kinaingia mtutuni kikiwa kimeizunguka risasi, kinabeba mafuta, na kinajaza nafasi kati ya risasi na ukuta wa mtutu. Risasi imegeuzwa ili askari amimine baruti, aigeuze katriji juu chini, na risasi iingie kitako mbele, karatasi yake ikiwa mwilini.

Wamarekani walikuwa na njia nyingine. Katika vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, katriji ya Springfield ilipasuliwa, risasi ikatolewa tupu, na karatasi ikatupwa chini. Njia hiyo inafaa kwa risasi ya Kimarekani, ambayo ina mifereji ya kushikia mafuta ubavuni. Wapigaji wengi wa leo wanaifuata hata wakiwa na Enfield mkononi, kisha wanalalamika kwamba bunduki haina shabaha. Shabaha ya Enfield iko kwenye karatasi yake, na mwongozo huu ni wa njia hiyo ya Kiingereza tangu kukata hadi kupiga.

Kwanza, bunduki gani na kwa idhini gani

Ninazungumzia bunduki ya kushindilia kwa mdomo, yenye mtutu wa inchi 39 na kipenyo cha inchi .577, yaani milimita 14.66, inayowashwa kwa fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye kilipuzi. Ndani ya mtutu kuna mifereji mitatu inayojisokota, mzunguko mmoja kila inchi 78. Nakala mpya zinatengenezwa mpaka leo na zimepimwa nguvu kiwandani. Ukiwa na bunduki ya kale yenyewe, mpelekee fundi wa silaha aikague kabla hujafikiria kuweka baruti.

Magobori ya kienyeji, yale yaliyofuliwa kwa bomba la maji, hayahusiki kabisa hapa. Najua wasomaji wengi wa Tanzania wamekulia karibu nayo. Bunduki za kushindilia ziliingia kwa wingi bara kupitia Zanzibar katika karne ya 19, na Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipobana uingizaji wa bunduki za kisasa Afrika, zile za kizamani zisizo na mifereji hazikubanwa sana. Lakini bomba la maji halikutengenezwa kubeba mshindo wa baruti, na linapopasuka linapasukia mbele ya uso wa mpigaji. Usilijaribu kwa kiasi chochote.

Idhini ni lazima. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Uingereza, pamoja na cheti cha bunduki, unahitaji cheti cha polisi cha kununua na kuhifadhi baruti nyeusi. Kama ndiyo unaanza, jiunge na klabu ya shabaha yenye watu wa baruti nyeusi. Kule Uingereza wamo kwenye chama cha MLAGB, Marekani wamo N-SSA, na saa moja ukiwa pembeni ya mzee wa klabu itakufundisha mengi kuliko maandishi haya.

Baruti iwe nyeusi, ya dukani, ya chembe za daraja la 2Fg. Usitumie baruti ya kisasa isiyo na moshi hata chembe, wala usichanganye. Mgandamizo wake unapanda kwa namna ambayo mtutu huu haukuumbiwa, na bunduki itakupasukia.

Vifaa

Unahitaji kalipa ya kupimia, mizani ya greni au kipimo cha ujazo cha baruti, faneli ndogo ya shaba, rula ya chuma, kisu kikali, na kijiti cha kuviringia. Kijiti ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Tafuta mti mgumu wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 13.5 na urefu wa sentimita 15, ulainishe kwa msasa, kisha uchimbe kishimo kwenye ncha moja chenye umbo la ncha ya risasi, kina cha milimita 8. Ukiingiza ncha ya risasi kwenye kishimo hicho ikae bila kucheza.

Karatasi ni za aina mbili. Moja ni ngumu kiasi, kama ile ya bahasha za kaki, unene wa milimita 0.12 hivi. Nyingine ni nyembamba lakini imara, unene wa milimita 0.07. Bora iwe ya pamba, kwa kuwa nyuzi zake zinavumilia kuvutwa bila kupasuka ovyo. Karatasi ya magazeti inachanika ikipata nta. Karatasi ya kung'aa haivuti nta kabisa. Ukipata karatasi nzuri nunua ya kutosha mwaka mzima, kwa sababu ukibadilisha karatasi umebadilisha kipenyo, na hesabu zote zinaanza upya.

Risasi na hesabu yake

Risasi ya Enfield ni laini ubavuni, haina mifereji, na kitako chake kina shimo. Ina uzito wa greni 530, sawa na gramu 34. Ilipoanza, kipenyo chake kilikuwa inchi .568. Huko India mitutu ikichafuka askari walipata shida kubwa kushindilia, na mwaka 1859 kipenyo kikashushwa hadi .550. Kuna funzo la kazi hapo: wataalamu wenyewe waliona heri risasi iingie kwa urahisi, kisha mshindo wa baruti uitanue, kuliko risasi ya kulazimishwa. Ndiyo maana ya shimo la kitakoni. Gesi inapolipuka inausukuma ukuta wa risasi nje mpaka ushike mifereji. Zamani shimo hilo liliwekwa kizibo cha mti mgumu, baadaye cha udongo, ili kusaidia kutanua. Ukitumia risasi laini na baruti kamili unaweza kuanza bila kizibo.

Ukiyeyusha mwenyewe, tumia madini ya risasi safi yasiyochanganywa na bati wala antimoni. Yenye mchanganyiko ni magumu, hayatanuki. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na kwenye kalibu hujaa vizuri ikiwa na moto wa ziada kidogo juu ya hapo. Fanyia kazi nje penye upepo, vaa miwani, glavu na viatu vilivyofunika, na tone la maji lisikaribie sufuria, kwa kuwa linageuka mvuke papo hapo na kurusha madini ya moto usoni. Usile wala kuvuta sigara hapo, na osha mikono kabla ya kumshika mtoto. Sumu ya risasi hukusanyika mwilini polepole.

Sasa pima. Pima mtutu wako mwenyewe badala ya kuamini kilichoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, maana nakala hutofautiana. Tuseme umepata milimita 14.66. Karatasi ya milimita 0.07 ikizunguka risasi mara mbili inaongeza tabaka mbili kila upande, jumla milimita 0.28. Risasi ya milimita 14.30 ikivishwa itakuwa 14.58. Imebaki nafasi ya milimita 0.08 kwa nta na masizi. Hicho ndicho kipimo ninachokipenda: risasi iliyovikwa ishuke kwa uzito wa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, isihitaji kugongwa. Ikiwa risasi zako ni nene zaidi, punguza unene wa karatasi. Usipunguze mizunguko. Mzunguko mmoja una mshono upande mmoja tu, na risasi inakaa upogo mtutuni.

Kukata

Tengeneza vigezo vitatu vya plastiki ngumu au bati, kimoja kwa kila karatasi. Vipimo hivi vimefuata kijiti cha milimita 13.5 na risasi ya 14.30.

Karatasi ya kwanza ni ile ngumu, mstatili wenye upana wa milimita 85 na kimo cha milimita 45. Hii ndiyo inayoupa mfuko wa baruti ukakamavu.

Ya pili ni nyembamba, upana milimita 88, kimo milimita 85. Inaviringwa pamoja na ile ngumu na kutengeneza kitako cha mfuko.

Ya tatu ndiyo ganda la nje, nyembamba pia, kimo milimita 110. Chini, upande wa risasi, upana ni milimita 90. Juu ipunguze hadi 65, ili kusiwe na karatasi nyingi ya kusokota. Upana wa chini ndio wa kuangaliwa sana. Mizunguko miwili kamili kuizunguka risasi hii inahitaji milimita 90.7, kwa hiyo 90 inaacha mwanya mdogo sana. Ikizidi, inapandana kuwa tabaka la tatu upande mmoja, na tabaka hilo litakukwamisha katikati ya mtutu ulio na masizi. Heri mwanya mwembamba kuliko kupandana.

Kata karatasi zote nyembamba kwa kufuata nyuzi zake katika mwelekeo mmoja. Ukilowanisha kipande kidogo utaona kinajikunja upande gani, na huo ndio upande wa kuviringia.

Kuviringa

Laza karatasi ya pili mezani, juu yake ile ngumu, ukiacha milimita 15 za karatasi nyembamba zitokeze upande wa kishimo cha kijiti na 25 upande wa pili. Weka kijiti, ncha yenye kishimo ikiwa sawa na ukingo wa karatasi ngumu, kisha viringa zote pamoja kwa mkono uliobana. Zile milimita 15 zikunje kuelekea kishimoni, kunjo moja baada ya jingine. Chukua risasi, bonyeza ncha yake kwenye kishimo, karatasi ikiwa kati. Sasa kitako cha mfuko kimepata umbo la ncha ya risasi. Tone dogo la gundi ya unga wa ngano linatosha kushika mkunjo. Gundi nyingi inakuwa ngumu na haitararuka vizuri uwanjani.

Ukiwa bado umeacha kijiti ndani na risasi imekaa kwenye kishimo chake, laza vyote juu ya karatasi ya tatu. Kitako cha risasi kiache milimita 15 za karatasi nje. Viringa tena, kwa nguvu ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi yote inategemea mviringo huu: ukilegea, karatasi itateleza risasi inapoingia mtutuni. Ukibana kupita kiasi, itapasuka kwenye bega la risasi. Mikono inaizoea baada ya katriji chache tu, na kuanzia hapo ni kazi ya kutuliza akili.

Kitakoni, funga uzi imara mzunguko mmoja kwenye karatasi iliyozidi, uvute mpaka karatasi ijikusanye, kisha uondoe uzi na kuibonyeza mikunjo ndani ya shimo la risasi. Kitako kiwe bapa, kisiwe na kilemba kinachotokeza.

Kabla ya nta, piga mipasuo mitatu ya wima kwenye ganda la nje kuzunguka risasi, kila mmoja milimita 10, kwa umbali sawa. Ndivyo walivyofanya Waingereza wenyewe. Risasi inapotoka mdomoni, karatasi inapasukia hapo na kuachia mara moja. Karatasi inayong'ang'ania upande mmoja inaivuta risasi nje ya njia.

Nta, na jambo la 1857

Changanya sehemu 5 za nta ya nyuki na sehemu 1 ya shahamu iliyoyeyushwa na kuchujwa, isiyo na chumvi. Chumvi inaleta kutu. Yeyusha kwa chombo ndani ya chombo chenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji yasiyochemka yanatosha.

Chovya upande wa risasi mpaka kwenye bega lake, ukihesabu mbili, toa, acha idondoke. Usivuke bega. Nta ikifika kwenye mfuko itaharibu baruti.

Angalia utaratibu: ninachovya kabla ya kujaza baruti. Viwanda vya zamani vilichovya katriji zilizokwisha kujazwa. Nyumbani hakuna sababu ya kuleta baruti karibu na jiko. Maliza nta yote, zima moto, toa chombo chumbani, ndipo ufungue kopo la baruti.

Uchaguzi wa shahamu si jambo la kupita haraka. Mapema mwaka 1857 habari zilienea miongoni mwa askari wa Kihindi wa jeshi la Bengal kwamba katriji za Enfield zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Wakati huo amri ilikuwa kuipasua katriji kwa meno. Kwa Mhindu na kwa Mwislamu, huko kulikuwa kuvunjiwa dini mdomoni. Serikali ikaruhusu askari wajipakie mafuta wanayoyataka, na amri ya meno ikabadilishwa kuwa ya vidole, lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Tarehe 24 Aprili huko Meerut, askari 85 kati ya 90 wa kikosi cha 3 cha farasi walikataa katriji walizopewa. Walifungwa pingu mbele ya wenzao, na tarehe 10 Mei maasi yakalipuka. Yalikuwa na sababu nyingi nyuma yake, za ardhi, kodi na dharau, lakini cheche ilikuwa katriji kama hii. Anayetengeneza katriji za klabu yenye watu wa imani mbalimbali aseme wazi ametumia mafuta gani. Ya kondoo yanafanya kazi vizuri kabisa, na nta ya nyuki haimkwazi mtu.

Kujaza

Nta ikishapoa, chomoa kijiti kwa kukizungusha taratibu. Jeshi lilitumia dramu 2.5 za baruti, sawa na greni 68 hivi, au gramu 4.4. Anza na greni 60, na usizidishe kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki yako. Pima kila moja peke yake, mimina kwa faneli, gonga mfuko kidogo ili baruti itulie, kisha sokota karatasi iliyobaki juu na ulaze msokoto pembeni. Funga kopo la baruti kila baada ya kuchota. Hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna nguo za nailoni zinazozalisha cheche.

Zihifadhi katika kisanduku cha mbao au kadibodi, mahali pakavu, mbali na watoto, kwa kufuata masharti ya cheti chako. Joto la pwani linalainisha nta. Ukikaa Mombasa au Muscat, ongeza nta na upunguze shahamu.

Uwanjani

Hakikisha mtutu ni mtupu kwa kutumbukiza mdeki na kuangalia alama yake. Futa mafuta ya ndani kwa kitambaa, kisha piga fataki mbili tupu kukausha njia ya moto. Miwani na vizuia sauti masikioni tangu hapo.

Simamisha bunduki, mdomo ukielekea mbali na uso wako. Rarua msokoto kwa vidole, mimina baruti yote. Geuza katriji, ingiza risasi kitako mbele mpaka karatasi yenye nta iishe kwenye ukingo wa mtutu. Vunja mfuko mtupu kwa kuupinda pembeni na kuuzungusha. Unapaswa kukatika sawa na ncha ya risasi. Utupe. Sukuma risasi kwa mdeki, kwa mwendo mmoja mrefu, mpaka ikae juu ya baruti. Usiitwange. Wala usiache nafasi kati ya risasi na baruti, kwa sababu pengo hilo linaweza kuvimbisha mtutu. Chora alama kwenye mdeki inayoonyesha risasi imefika, na uitazame kila mara.

Toa mdeki, sema kwa sauti kwamba umeutoa. Nyundo ikiwa imevutwa nusu, elekeza bunduki kwenye shabaha, vika fataki yenye mbawa nne kwenye chuchu, yaani kijibomba cha kupitishia moto, vuta nyundo hadi mwisho, piga.

Isipolia, iache imeelekea shabaha dakika nzima kabla ya kubadilisha fataki. Baruti inaweza kuwa inaungua polepole. Usimimine kamwe baruti mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kaa moja lililobaki ndani linaweza kuilipua chupa nzima mkononi. Katriji imekuepusha na hilo, kwa kuwa una kiasi cha mlio mmoja tu.

Kusoma karatasi zilizoanguka

Anza na shabaha ya yadi 50. Uwanja ukitangazwa salama, nenda uokote karatasi mbele ya mdomo wa bunduki. Vipande virefu vilivyochanika kwenye mipasuo ni habari njema. Karatasi nzima yenye umbo la kikombe inamaanisha mipasuo ni mifupi au nta imeigandisha kwenye risasi, hivyo irefushe mipasuo milimita mbili. Kingo zilizoungua zinaonyesha gesi inapita pembeni. Risasi ni nyembamba mno kwa mtutu wako, au ni ngumu na haitanuki.

Tundu la shabaha likiwa refu kama la ufunguo, risasi imefika ikiwa kiubavu, haikushika mifereji. Angalia madini kwanza, halafu kipenyo, na baruti mwisho. Watu wengi wanaanza kwa kuongeza baruti, na hapo ndipo wanapoharibu kila kitu. Ikiwa mlio wa kumi unashindilika kwa shida wakati wa kwanza uliteleza, nta haitoshi. Nimeona Enfield ikishindiliwa mchana kutwa bila kufutwa, kwa sababu tu kila risasi ilikuwa na nta ya kutosha kulainisha masizi ya iliyotangulia.

Jioni ile ile, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa kitoke cheupe, ukaushe, upake mafuta. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na asubuhi utakuta kutu. Siku inayofuata pitisha kitambaa tena, kisha upake mafuta mara ya pili.